Maji ya Kunawia Miguu

Chiang Mai, 20 Septemba 1997

Dada Buaphan,

Nakuamkia kwa viganja viwili, wewe na shemeji Thawin. Natumaini mpunga umeanza kuchanua na binti yenu Nuan ameacha kukohoa. Vibapa vya maharage yaliyochacha ulivyonitumia vimefika, ila karatasi ilichanika njiani na posta nzima ikanuka. Karani alinikabidhi kwa vidole viwili huku amegeuza uso. Nilivichoma jioni hiyohiyo nikala na wali wa kunata, nikamkumbuka mama.

Samahani sikuja kwenye sadaka ya siku mia ya mama. Najua watu walisema. Lakini dada, siku ya mazishi wanaume wanne walinipandisha ngazi zote tisa kama gunia. Thawin akatania kwamba nimenenepa, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikakaa huko juu siku tatu nikisubiri mtu apate nafasi ya kunishusha chooni. Sisemi kwa ubaya. Nasema ili ujue kwa nini sikuja.

Huku naendelea vizuri. Chumba changu ni cha chini, ndiyo maana ni baht mia tisa wakati vya juu ni mia sita; wenye miguu mizima wanapunguziwa. Mama Sumali, mwenye nyumba, ameniruhusu kuweka ubao mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite, ubao nikanunua mwenyewe. Jirani yangu Fongchan anakuja asubuhi na jioni kunisaidia kuoga na kunikagua ngozi sehemu nisizohisi. Namlipa arobaini kwa siku. Tiketi za bahati nasibu zinauzika, tena tangu fedha yetu iporomoke Julai zinauzika zaidi, maana kila mtu anasubiri muujiza. Tatizo dogo ni mipira ya mkojo. Inatoka nje ya nchi, na bei yake imekaribia kuwa mara mbili. Lakini najipanga.

Usitume pesa.

Mdogo wako,
Intha


Ban Huai Lao, 11 Oktoba 1997

Mdogo wangu Intha,

Sisi ni wazima. Nuan anakohoa bado, ila sasa anakohoa pale tu anapotumwa kuchota maji, kwa hiyo nadhani amepona. Thawin anasema hakukusudia kukuaibisha siku ile. Nimeweka mia tano katikati ya karatasi hizi. Usinune, nunua hiyo mipira.

Nilitaka kukaa kimya kuhusu jambo moja lakini limenishinda. Tangu sadaka ya mama, kuna mtu anaingia nyumbani saa sita mchana.

Mara ya kwanza nilikuwa chini ya nyumba, kati ya nguzo zake, kivulini, natengeneza uzi wa kufumia. Thawin na Nuan walikuwa shambani. Nikasikia kata ya kifuu inagonga mtungi pale chini ya ngazi, halafu maji yanamwagwa mguu wa kulia, halafu wa kushoto, kama mtu yeyote anayenawa kabla ya kupanda. Nikadhani Thawin amerudi kufuata chumvi. Sikugeuka hata kutazama. Kisha akaanza kupanda, nami nikawa nahesabu bila kukusudia. Moja, mbili, mpaka sita. Kisha kimya kidogo. Kisha nane na tisa.

Intha, katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuruka ngazi ya saba ila wewe. Ulikuwa unairuka kwa sababu inalia, ili mama asisikie unavyorudi umechelewa. Na mama alikuwa anakukamata kwa sababu hiyohiyo, akisema mwanangu ndiye pekee anayepanda ngazi nane.

Nilipotoka kivulini kutazama, hapakuwa na mtu. Zilikuwepo nyayo za maji tu, kutoka mtungini mpaka kwenye kona yako ya kulala, vidole vimeelekea nguzo. Za kurudi hazikuwepo. Nilikaa chini nikisubiri zikauke, kwa sababu sikutaka kuzikanyaga.

Imekuwa hivyo karibu kila siku. Sitaki uogope. Nakuuliza tu kama u mzima.

Dada yako,
Buaphan


Chiang Mai, 2 Novemba 1997

Dada Buaphan,

Nakuamkia, na nawaamkia wote. Mia tano yako ninairudisha humu. Ninyi mna mbolea ya kununua.

Kuhusu huyo mgeni wenu, labda ni Thawin anakwepa kazi. Mfuatilie vizuri, utamkuta amelala kwenye kona yangu. Au nitumie idadi ya hatua zake niichezee bahati nasibu. Huku wateja wangu wanatafuta namba hata kwenye mikwaruzo ya miti, sembuse nyayo za maji.

Lakini umenifanya nifikirie jambo. Nilipoanguka kutoka ghorofa ya nne ya lile jengo tulilokuwa tunajenga, mlikuja wewe na mama na ule wavu wa kuchotea samaki, yai, ndizi na donge la wali. Mlinzi wa ujenzi aliniambia baadaye kwamba mlichota pale chini nilipoangukia mara tatu, mama akiita roho yangu irudi, na kwamba mlifunika wavu kwa shati langu la bluu. Kwa kawaida baada ya hapo mnamfunga mtu uzi mweupe mkononi ili roho ikae. Mimi nilipopata fahamu sikuwa na uzi. Muda wote huu nimeamini manesi waliukata. Ndivyo ilivyokuwa?

Fongchan anakusalimu. Mimi ni mzima kabisa, ila nina homa kidogo ya mabadiliko ya hewa.

Intha


Ban Huai Lao, 29 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Tumevuna. Magunia ni pungufu ya mwaka jana lakini ghala halina aibu. Thawin ameumia kidole kwa mundu, kidogo tu, ila anatembea amekiinua ili kijiji kizima kiulize.

Umetaka namba, basi ujue umechelewa. Jirani yetu Khamnoi alisikia habari kwa Nuan, akaja na mkeka wake akakaa chini ya mbilimbi tangu saa tano, amebeba na tambuu. Alizisikia hatua kwa masikio yake. Ngazi tisa, hatua nane, akacheza tisini na nane. Ikatoka themanini na tisa. Sasa anazunguka akisema uzushi kwamba ulipanda kinyumenyume, na ananidai eti nikwambie upande sawasawa.

Nimecheka siku mbili. Siku ya tatu sikucheka.

Intha, nyayo zimebadilika. Ya kulia ni maji, kama kawaida. Ya kushoto, pale kwenye kisigino, si maji matupu. Ina rangi ya maji yaliyooshewa nyama, na ina harufu. Nimesugua ubao kwa magadi na mchanga, harufu haitoki. Leo inzi wamekaa pale pale pa kisigino, kwenye kila hatua, na penginepo hakuna hata mmoja.

Una nini kwenye kisigino cha kushoto? Usinijibu kwa mzaha. Chukua kioo ukiangalie leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Hilo la uzi tutaongea siku nyingine.

Buaphan


Ban Huai Lao, 12 Januari 1998

Mdogo wangu Intha,

Hujajibu. Nimetuma barua nyingine kabla ya mwaka mpya, nayo hujajibu. Huku kuna baridi, ukungu hautoki mpaka saa nne. Wote ni wazima.

Tangu katikati ya Desemba unasikika mguu mmoja. Mwingine unaburuzwa. Jana haukufika juu. Uliishia ngazi ya sita, pale pa kuruka, na nikasubiri mpaka jua likahama, haukuendelea.

Nimefika posta ya wilayani kupiga simu kwa mwenye nyumba wako, namba uliyotupa imekatwa. Thawin anasema nisubiri hadi Februari iishe ndipo apande basi akakutafute. Nijibu hata kwa kunitukana.

Dada yako


Chiang Mai, 22 Februari 1998

Dada Buaphan,

Nakuamkia kwa viganja viwili, na safari hii nakuamkia kama mama.

Nimetoka hospitali jana. Barua zako mbili za mwisho nilizikuta chini ya mlango. Hiyo ya Novemba niliisoma siku ilipofika, na nilikasirika. Nilisema huyu dada yangu ananitisha ili nirudi. Nikaiweka chini ya mto. Lakini jioni nikachukua kile kioo cha kunyolea, nikainua mguu kwa mikono nikatazama.

Dada, kilikuwa cheusi. Katikati palikuwa pamezama, kidole gumba kingeingia. Mimi nilikuwa nimekaa na kitu hicho sijui wiki ngapi, nikidhani harufu ni ya mfereji wa nje. Daktari alisema sumu ilishaingia kwenye damu, na kwamba homa yangu haikuwa ya hewa. Alisema ningechelewa siku nne au tano angeniandikia cheti cha aina nyingine. Kwanza walitaka kuukata mguu, kisha wakabadili mawazo. Nimelala kifudifudi majuma kumi.

Sasa nikwambie niliyokuficha. Fongchan hakuwa anakuja. Nilimsimamisha mwanzoni mwa Oktoba, mipira ilipopanda tena. Nilifanya hesabu ya kijinga: mkojo hausubiri, ngozi inasubiri. Tena hata mipira yenyewe nilikuwa nauchemsha mmoja na kuutumia wiki nzima, na mto mzuri wa kukalia niliuuza nikawa nakalia mpira wa ndani wa pikipiki. Niliposema anakusalimu, nilidanganya. Kadi ya hospitali ililipa kitanda na upasuaji. Bendeji, dawa ya kuoshea na teksi za kwenda na kurudi hazimo kwenye kadi, na dereva anaongeza ishirini kwa ajili ya kiti, kana kwamba kiti ni abiria anayebishana naye.

Najua utasema nirudi. Utasema huko silipi chumba wala mtu. Ni kweli, huko kila kitu ni bure. Lakini huko nikitaka kwenda uani lazima niombe. Hapa nalipa kila kitu, nalipa hata kuingia mlangoni, ila mlango ninaufunga mimi na kuufungua mimi. Kila baht inayonitoka inanunua hilo. Nikiishiwa kabisa nitakwambia, lakini sijaishiwa.

Ila hapa sasa naogopa, na siogopi kufa. Umbali wa kati yetu ni siku nzima ya basi. Mimi mwenyewe sikujua. Fongchan hakujua. Ulijuaje wewe habari za kisigino changu?

Niambie kuhusu uzi.

Intha


Ban Huai Lao, 15 Machi 1998

Mdogo wangu Intha,

Thawin alilia uliposema umetoka. Anasema ni moshi, wanachoma mabua kila upande. Nuan anakutumia picha ya ng'ombe. Ukiona kama ni mbwa, sema ng'ombe.

Nitaandika bila kuzunguka, kwa sababu nikizunguka sitafika.

Uzi ulikuwepo. Mama alikuwa nao mkobani siku ile. Tulipotoka kwenye ule ujenzi na wavu, mama alitaka twende moja kwa moja hospitali akufunge mkononi. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, mama, daktari amesema miguu haitarudi, akitoka hapo ataenda wapi kama si nyumbani? Tukimfunga hapa atabaki hapa. Tuipeleke roho nyumbani ikamsubiri. Mama alisita. Alisema roho hufungwa kwa mwenyewe, haifungwi kwenye mbao. Nikamwambia basi likiondoka tutalala stendi. Akanisikiliza kwa sababu alikuwa amechoka.

Ule uzi mweupe kwenye nguzo ya kona yako, uliouona siku ya mazishi ukadhani ni baraka ya nyumba, ndio huo. Niliufunga kwa mkono wangu, vifundo vitatu. Nilifikiri mtu hawezi kukaa mbali na miguu yake. Nilikuwa nakutaka urudi, Intha, na sikutaka kukuomba.

Mama alipokuwa anakata roho aliniambia nimpelekee mtu kitu chake. Nilijifanya nadhani anazungumzia sufuria ya Khamnoi. Miguu ilianza kutembea baada ya sadaka yake.

Leo saa sita nilisubiri. Ulipanda taratibu lakini kwa miguu yote miwili. Ulipofika kwenye nguzo nilikuwa nimekaa hapohapo na wavu, yai, ndizi na wali. Sikuona kitu. Niliona ubao unalowa mbele yangu, wayo mmoja, kisha wa pili, karibu na magoti yangu. Nikasema, twende, hapa si kwako, mwenyewe anakungoja. Nikachota mara tatu. Mara ya tatu wavu ukawa mzito kama una kambale ndani, na ulikuwa mkavu. Nikaufunika kwa shati lako la bluu, nikafungua vifundo. Uzi umo ndani ya barua hii. Mwambie Fongchan akufunge, maana yeye amekuzidi umri. Asitumie mkasi, aufunge kwa mkono tu.

Na mia tano nimeweka tena, nitaweka kila mwezi. Si zako. Ni sehemu ya mshahara wa Fongchan, na huna haki ya kurudisha pesa za mtu mwingine.

Sitakuambia urudi. Ukitaka kuja kututembelea, Thawin atajenga ubao wa kupandia, anasema atafanya hivyo na mzaha wake atauacha.

Dada yako,
Buaphan

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli:) Karani wa posta ameipima mara mbili. Anasema ni karatasi chache na uzi, lakini mizani inasema kilo na zaidi. Amenidai stempu za kifurushi. Nimelipa.


Chiang Mai, 3 Mei 1998

Dada Buaphan,

Nakuamkia kwa viganja viwili, pamoja na shemeji, na mwambie Nuan ng'ombe wake nimempachika ukutani na kila mgeni amemtambua kuwa ni ng'ombe.

Barua ilifika kabla ya sikukuu ya maji ya Aprili. Ilikuwa bahasha nyepesi ya kawaida. Nilikasirika siku tatu, nataka ujue hilo. Miaka miwili, dada. Siku ya nne nikamwita Fongchan. Alinifunga mkononi huku akiuliza mbona uzi una vumbi la jikoni. Hakikutokea kitu. Miguu yangu iko vilevile, sihisi hata nikiibana kwa koleo, na nisingependa ukae ukitarajia vinginevyo. Kidonda kinafunga. Fongchan anakuja asubuhi na jioni, na sasa namlipa yeye kwanza kabla ya mipira, kabla ya chumba. Mia tano nilimkabidhi kama ulivyoagiza. Amesema wewe ndiye bosi wake sasa, kwa hiyo ananigombeza kwa jina lako.

Majuzi, mwisho wa mwezi, Mama Sumali alikuja na daftari la maji. Alisimama mlangoni amejishika kiuno. Akasema, "Intha, mimi na wewe tulikubaliana mtu mmoja."

Nikamwambia niko peke yangu.

"Basi huyo wa saa sita ni nani? Kila siku wewe ukiwa sokoni na tiketi zako, mtu ananawa miguu hapa kwenye mtungi. Namsikia niko jikoni. Kata inagonga, maji chwaa, chwaa. Nikitoka hayupo. Nyayo zinaishia kwenye mlango wako, na mlango umefungwa. Umempa ufunguo?"

Ufunguo mmoja tu upo, dada, na uko shingoni mwangu.

Akasema sheria ni sheria, mtu wa pili analipa maji baht thelathini, na nimwambie mgeni wangu anawe kidogo kidogo, maji ya mji si ya mto. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti, sikuweza kuiachia. Nikamuuliza swali moja tu. Nilimuuliza nyayo zenyewe zikoje, hasa ya kushoto, pale kwenye kisigino.

Akaniangalia kama nina wazimu. Akafikiri, akasema, "Maji tu. Zingekuwaje?"

Nikatoa thelathini nikampa.

Mdogo wako,
Intha